Jina Tumboni mwa Ndanu

Kamanthe alijifunza kuchora hina Mombasa, alikokuwa ameajiriwa kazi ya nyumbani, akaja nayo hapa Machakos mjini, kwenye saluni ninamosuka nywele. Mwanzoni tulimcheka. Mkamba na hina wapi na wapi? Lakini wajawazito walimpenda. Aliwachora maua tumboni huku akiwaombea kwa sauti, na mtoto alipoguswa na ubaridi wa hina alipiga teke. "Ameitika!" Kamanthe husema, na saluni nzima tunashangilia.

Ndanu alitoka Mitaboni mimba ikiwa ya miezi minane. Alikuwa ameshazika watoto wawili. Mama mkwe wake alimwambia hina ni mambo ya watu wa pwani, Mkristo hapakwi hayo. Akaja hivyo hivyo.

"Mama Mike, niandikie Kasyoka hapa katikati," alimwambia Kamanthe. Kasyoka ni jina tunalompa msichana aliyerudi, baada ya wenzake kututoka. "Nataka ajue tunamngoja."

Mimi niliendelea kusuka. Kumpa mtoto jina kabla hajalia, nisingethubutu.

Kamanthe akaanza. Hina ikagusa ngozi, sote tukangoja teke. Hakuna. Akaandika jina, akalizungushia majani, mkono wake wa kushoto ukiwa ubavuni mwa Ndanu, unatafuta. Nilimwona anavuruga jani, yeye ambaye havurugi kitu. Hata maombi yalikuwa yamemkauka mdomoni.

"Leo amecheza?" akauliza.

"Tangu jana amelala tu. Si wakikaribia kuzaliwa huwa wanatulia?"

Kamanthe aliweka hina chini. Alimfunga leso, akamshika mkono, tukaenda hospitali hina ikiwa bado mbichi. Foleni ilikuwa ndefu. Kamanthe alipiga kelele mpaka askari akaja kumtuliza, nami nikamwambia huyo askari maneno ambayo siwezi kuyarudia. Tulipoitwa, hina ilikuwa imekauka. Daktari aliibandua, akatafuta moyo wa mtoto. Akatafuta tena, akatafuta upande wa pili. Kisha akaweka chombo chini na kumwambia Ndanu pole.

Hina ina roho mbaya: haikolei siku ile ile. Ndanu alipotoka wodini tumbo likiwa tupu, ndipo lile jina lilipokuwa limeiva vizuri. Alikuja moja kwa moja saluni, akapandisha blauzi mbele yetu.

"Nifutie, Mama Mike. Nikioga niko naye. Nikivaa niko naye. Siwezi."

Kamanthe alisugua kwa limau na chumvi. Alisugua huku analia, ngozi ikawasha moto, na Kasyoka yuko pale pale. Nilimkasirikia Mungu siku hiyo, na sijaacha.

Ndanu akaushika mkono wa Kamanthe.

"Basi, wacha," akasema. "Usimfukuze. Ataenda mwenyewe, pole pole."