Kesi Niliyoipikia Makande

Kabla sijasafiri, baba mdogo Elinami alisema mbele ya watu, pale nyumbani Maore, kwamba nitakuwa nimerudi kabla mahindi ya msimu ule hayajaingia ghalani, na shangazi akaongeza kwamba mtu anayeumwa kichwa kwa kelele za gulio la Same hawezi kuishi Kongo hata kidogo. Leo nina karakana yangu hapa Same, kando ya barabara kuu, majokofu ya mabucha na ya maduka ya dawa yanaletwa kwangu na si kwa mwingine, na diploma yangu ya ufundi wa majokofu inaning'inia ukutani kwenye fremu ya kioo, kwa hiyo wote wawili siku hizi nikiongea wananyamaza (ingawa shikamoo bado natoa mimi, mila ni mila). Lakini kuna jambo moja la Lubumbashi ambalo nimekuwa nikiliruka kila nikisimulia, na kwa kuwa dereva mmoja wa malori ameshaanza kulieneza stendi, tena analisimulia vibaya, bora nilitoe mwenyewe. Niliwahi kumshitaki jirani yangu kwa kelele za muziki, na siku ya kesi akakutwa na hatia mtu mmoja tu, ambaye ni mimi, nikiwa nimeshika upawa.

Kazi yangu ilikuwa kwenye ghala la samaki wa barafu. Nilikuwa kwenye majaribio bado, na gari la kazini lilitupitia alfajiri, nyota zikiwa juu. Msimamizi wetu aliitwa Papa Ilunga, mtu mpole wa sura ila hana masihara na mitambo. Nilipanga chumba kwa fundi cherehani mmoja, Papa Fidel, chumba kizuri, kina dirisha, na dirisha hilo lilitazama ukuta wa uani ambao upande wake wa pili kulikuwa na baa ya Mama Odette. Hapo ndipo matatizo yangu yalipokuwa yanaishi. Muziki ulianza jioni kwa adabu, lakini kadiri watu wazima wa kwetu wanavyoelekea kulala ndivyo wa kule walivyokuwa wanaongeza sauti, na ikifika katikati ya usiku lile gitaa lilikuwa linaingia chumbani kwangu kama ndilo linalolipa kodi. Nilijaribu kila kitu. Nilitia pamba masikioni, nikahamishia godoro jikoni, nikalala na ile kofia ya sufu niliyopewa na mjomba wa Ngujini kwa ajili ya baridi (Lubumbashi hakukuwa na baridi wakati huo, niliamka nimelowa kama niliyetoka mtoni), na bado nilikuwa nayajua maneno ya nyimbo zote bila kujua maana yake.

Matokeo yake siku moja Papa Ilunga alinikuta ndani ya chumba cha baridi nimelala wima, nimeegemea maboksi, na ule mtambo niliotakiwa kuusikiliza unanguruma peke yake. Akanigusa bega.

"Tanzania," akasema, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jina langu kule, "humu wanaolala ni samaki. Nikikukuta tena, nakurudisha kwenu."

Kwenu. Nilimwona baba mdogo Elinami amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi, ananingoja. Nikaapa kwamba kabla ya wiki kuisha ule muziki utakuwa umenyamaza.

Sasa sikilizeni uamuzi mdogo ulioniponza. Papa Fidel, nilipomweleza, hakuacha hata kukanyaga cherehani yake. Akasema, "Ende umuambie. Mama Odette iko mutu ya muzuri." (Kiswahili cha kule ni hiki hiki chetu, ila kimevaa kofia nyingine.) Mtu yeyote mwenye akili angevuka, akagonga, akasema, mama, samahani, naamka alfajiri. Lakini mimi ni Mpare, na mnajua tunavyosemwa, kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Watu hucheka wakidhani ni mzaha. Mimi nilivyolelewa, ukimwendea mtu mlangoni unambembeleza, lakini ukimpeleka mbele ya wazee unamheshimu, na wewe mwenyewe unaonekana mtu. Basi nikavaa koti na tai nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Shefu Kabwe, nikafungua kesi.

Tena sikuishia hapo. Kwetu, ugomvi wa mpaka wa shamba hauamuliwi ofisini, wazee wanakuja kuuona mpaka kwa macho yao, na mlalamikaji anawapikia, maana mzee mwenye njaa haoni mpaka. Nikamwambia Shefu, hizi kelele nazo ni mpaka, zimevuka ukuta, njooni usiku na wajumbe wako mzisikie mkiwa kwangu, chakula kipo. Shefu aliniangalia, nadhani alikuwa hajawahi kuletewa kesi yenye chakula, akasema watakuja. Nikamwomba pia asimpelekee Mama Odette habari, asije akapunguza sauti siku hiyo akaniharibia ushahidi. Nilijiona mjanja kuliko mawakili.

Nikapika makande, mahindi na maharage ya kutosha mtaa, nikayaunga kwa nazi ya kutafuta kwa tochi. Mabenchi nikaazima kanisa la jirani, sufuria kubwa kwa mke wa Papa Fidel, taa kwa muuza mkaa. Bia na glasi akaenda kuzitafuta Papa Fidel, na mimi, katika haraka zile, sikumwuliza anazitoa wapi.

Wazee wakaja na wake zao. Wakakaa, nikawapakulia, muziki ukaanza, nikasimama pembeni na tai yangu nikingoja wakasirike. Shefu Kabwe akala, akainua kichwa, akasikiliza kama daktari.

"Ni kweli," akasema. "Iko na sauti."

"Ndivyo ilivyo kila siku, Shefu."

"Lakini maneno hatuyasikii vizuri. Hii si ile wimbo ya zamani?"

Mkewe akasema ndiyo yenyewe, na kabla sijajua kinachoendelea walikuwa wameinuka wote wawili kwenda kuhakikisha, na njia ya kuhakikisha ilikuwa kucheza. Wajumbe nao hawakuweza kumwacha Shefu wao acheze peke yake. Watu wanaopita barabarani wakaona taa, mabenchi na moshi wa chakula, wakaingia, wananipa mkono wa pongezi, na mimi nafanya nini, nawapakulia, maana kumfukuza mtu kwenye chakula sikufundishwa. Hapo ndipo alipotokea Mama Odette mwenyewe, mnene, mcheshi, kitenge kipya, nyuma yake wateja wake wawili wamebeba spika.

"Papa Tanzania," akasema, akanishika mikono yote miwili, "Papa Fidel alipokuja kuchukua glasi na bia nikajua uko na furaha. Ni mutoto umepata? Spika hii ni zawadi yangu. Jirani hawezi kufurahi na muziki ya kuazima nyuma ya ukuta."

Niliinua mkono kukataa. Shefu Kabwe, anatoka jasho, akasema iwekwe pale karibu na dirisha.

Kwa hiyo sasa ile sauti niliyoishitaki ilikuwa ndani ya uwanja wangu, chini ya dirisha langu, na aliyeileta amekaa benchi la mbele anakula makande yangu na kuyasifia, ananiuliza nani alinifundisha kuyaunga hivi. Nikamjibu kwamba ni mama yangu. Akasema siku nikienda nyumbani nimsalimie. Pale ndipo nilipoanza kuona aibu, lakini hata sikuwa nimefika nusu.

Maana nyuma ya nyumba yetu aliishi bibi mmoja ambaye wote walimwita Nkambo, na ukuta wake ulikuwa upande wangu, si upande wa baa. Miaka yote muziki wa Mama Odette ulikuwa hauvuki nyumba yetu kumfikia. Usiku ule ulimfikia wote. Akaingia amejifunga blanketi, fimbo mkononi, akasimama katikati ya wachezaji mpaka mmoja mmoja wakaacha kucheza, na mtu akazima spika.

"Nani iko na kelele hapa?" akauliza.

Kisha Shefu Kabwe, mwenyekiti wa mtaa, mgeni wangu, kijiko changu kikiwa bado mfukoni mwa shati lake, akaninyooshea kidole. "Mwenye sherehe ni huyu."

Nkambo akaniangalia kuanzia tai mpaka upawa. "Weye mugeni, tulikupokea muzuri," akasema taratibu. "Watu bengine tunalala."

Nikamwambia samahani, bibi, shikamoo, bibi (shikamoo kule hawaijui, lakini ilinitoka). Nilikuwa na maneno ya kesi yote kichwani, kuhusu haki ya mtu kupumzika, na bibi huyu alikuwa ameyamaliza kwa sentensi moja, tena yakielekea kwangu. Shefu akakaa, akajifuta uso, akarudia sauti yake ya ofisini, akasema mlalamikiwa amekutwa na hatia, mashahidi ni baraza zima, atamtekea Nkambo maji Jumapili zote za mwezi huo. Halafu akakumbuka.

"Tanzania, na ile kesi yako? Kwa utaratibu unamtaja mwenyewe, mshitakiwa wako ni nani?"

Kimya kilichofuata ndicho nilichokuwa nimekitafuta wiki zote zile, na sikukipenda. Watu wote wakanigeukia. Nikajaribu kusema kwamba tuiahirishe, lakini Papa Fidel, ambaye hajui kuahirisha, akamtazama Mama Odette, na macho yote yakafuata ya kwake. Mama Odette akaweka sahani chini.

"Mimi?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Ulinipa chakula na umenishitaki? Mimi sijakukosea, papa. Ungeniambia tu."

Akaondoka, wateja wake wakabeba spika wakamfuata. Baraza nalo likaaga. Mimi nikakaa kwenye benchi la kanisa katikati ya masufuria nifikirie, na hapo hapo, baada ya siku zote zile za kukosa usingizi, usingizi ukanichukua kwa nguvu kama mdai.

Nilichosikia baadaye ni honi. Gari la kazini lilikuwa limesimama getini, wenzangu wote wanachungulia juu ya ubao, na Papa Ilunga amesimama mbele yangu. Nilikuwa na tai, upawa na makande kwenye shati, na chupa tupu zimenizunguka kama mifugo. Nikaanza kueleza, kesi, mpaka, wazee, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ulishitaki kelele kwa kufanya sherehe," akasema.

"Ndiyo, papa."

Nadhani alitaka kucheka, lakini gari lilikuwa limejaa watu. "Leo usipande. Kesho nataka mtu aliyelala. Kama hukulala, usije kabisa."

Nilikuwa na mchana mmoja na usiku mmoja. Nikautumia mchana kurudisha vitu. Nilibeba mabenchi kichwani hadi kanisani, na kwaya iliyokuwa ikijifunza ikasimama kuimba ili inicheke vizuri. Nikarudisha sufuria, nikarudisha taa, na kila mlango nilipewa jina jipya, Shefu wa Sherehe, Papa Makande, nikaitika yote. Za mwisho zilikuwa glasi. Nikazisugua moja moja, nikazunguka ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale nikagonga kwa Mama Odette.

Akazipokea, akazipanga kaunta. Nikamwambia, mama, naamka alfajiri, na kesho nikisinzia narudi kwetu, na kwetu wananisubiri kunicheka. Hayo tu. Yalinitoka kwa muda mfupi kuliko wa kufunga tai.

"Unalala upande gani?"

Nikamwonyesha lile dirisha.

"Mule?" Akashika kiuno. "Yule alipanga kabla yako alikuwa anaweka mukaa mule. Mimi nilijua napigia muziki magunia."

Akaita watu wake, wakageuza spika zikatazama barabara, akaniuliza usiku azipunguze saa ngapi. Nikamwambia. Akanijazia soda kwenye glasi moja ya zile nilizorudisha, akasema ninywe nikalale, na nilipogusa mfuko akanikatalia.

Usiku ule nililala, na asubuhi nikapanda gari. Papa Ilunga aliniangalia machoni muda mrefu, kama anayekagua samaki, akasogea ili nikae. Nilimaliza majaribio, nikakaa Lubumbashi mpaka nikapata vya kurudi navyo, na mnaviona. Ila tangu siku ile ya kurudisha glasi sijamfungulia mtu kesi kabla sijagonga kwake kwanza, na kwa Mpare, ndugu zangu, hicho ni kiapo kizito kuliko kuacha pombe.