Makopo Matatu ya Bi Pindo

Wateja wake walimwita Bi Pindo, kwa sababu pindo likienda upande kidogo tu alilifumua mbele ya macho yako, uwe na haraka usiwe nayo. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani karibu na mlango apate mwanga, pasi mezani, nguo za watu zikining'inia ukutani. Mume alishatangulia. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, wa kiume, na huyo alikwenda ng'ambo, akaoa huko huko, akapata binti.

Sasa huyo mjukuu alizungumza Kiingereza kitupu, na Kiingereza cha Bi Pindo kiliishia kwenye salamu ya asubuhi. Kwa hiyo wakipigiana simu, mwana alikaa katikati. Na hapo ndipo palipomkera. Mtoto atasema weee, maneno juu ya maneno, kisha baba yake anafasiri: "Anakusalimia, Mama."

"Salamu gani hiyo ndefu kama hotuba?" Bi Pindo alimwambia wifi yake siku moja. "Mjukuu wangu ananiambia mambo, mimi naletewa makombo. Nataka nimsikie mwenyewe kabla sijafa."

Wifi yake huyo, dada wa marehemu, alikuwa amefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na ualimu haukuwa umemtoka. Hakumpa pole. Alimwambia akate kadi. Bi Pindo akatoa patani zake za zamani, yale makaratasi magumu anayochorea mikono na kola kabla ya kukata kitambaa, akazikatakata vipande vya kuenea kiganjani. Upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza. Kisha yakaja makopo matatu ya maziwa ya unga. Neno jipya linaingia kopo la kila siku, la kupitia kila kukicha. Ukilijua, linahamia kopo la kila wiki. Ukilijua tena, linakwenda kopo la kila mwezi. Ukilikosa, hata kama limeshafika mbali vipi, linarudi mwanzo na wewe unarudi nalo.

Basi akaanza. Kadi aliiegemeza kwenye cherehani, mguu ukakanyaga, mdomo ukanong'ona: kijiko, mlango, maziwa, kutaka, kujua, njoo. Mteja akija kupimwa gauni alimkuta fundi anamzungushia futi kiunoni huku akikitaja hicho kiuno kwa Kiingereza. Wapo waliocheka. Bi Pindo aliwaambia anayecheka nguo yake itakuwa ya mwisho kushonwa, na duka likatulia.

Miezi michache ikapita, wifi akaja kumpima. Kopo la kila siku, sawasawa. La kila wiki, sawasawa. La kila mwezi lilikuwa tupu.

"Kadi za humu ziko wapi?"

"Nimetupa," Bi Pindo alijibu, tena kwa fahari. "Hayo nimeshayajua. Yamekwisha."

Usimshangae. Huyu ni mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kumaliza nguo na kumkabidhi mwenyewe. Nguo iliyokwisha ukiendelea kukaa nayo dukani, watu wanaanza kukuangalia vibaya. Angejuaje kwamba neno lina mambo mengine? Wifi akamwuliza kijiko. Bi Pindo akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akamwuliza mlango. Hakikutoka kitu. Yale maneno ya kwanza kabisa, aliyoyashangilia akiwa peke yake, yalikuwa yamempotea kama vile hawajawahi kuonana. Alikaa kwenye kigoda chake akalia, mtu mzima mwenye mjukuu.

"Wifi yangu, neno si gauni," wifi alisema, na sasa alikuwa mpole. "Hakuna mteja atakayekuja kulichukua. Ni lako siku zote, na siku zote ulipitie. Usipolipitia linakusahau."

"Linanisahau mimi?"

"Wewe, ndiyo."

Akakata kadi upya. Lakini mkasi ulipokuwa ukienda, alikuwa akiwaza mengine. Mwanawe alipiga simu sikukuu kwa sikukuu, na kila mara walianzia pale pale, hujambo sijambo, kisha kila mtu akaenda zake. Hilo lilimchoma, ila hakumwambia mtu.

Simu ilipolia tena, aliiweka mezani na kufungua sauti ijae chumba. Mwana akamwamkia, kisha akamwita binti yake. Bi Pindo akasikia kisauti kinakaribia, kinasema kitu, kinaondoka. Safari hii hakikusema mengi. Kilisema hataki kuongea. Huyo bibi hamjui. Yalikuwa maneno mepesi, ya wanaoanza, na hakuna hata moja lililompita.

"Anakusalimia, Mama," mwana alisema. "Anasema amekukumbuka sana."

Iliuma, tusidanganyane. Miaka yote hiyo alidhani anapunjwa maneno matamu, kumbe mwanawe alikuwa anamfunika kama mtu anavyomfunika mgonjwa shuka. Alijua kafanya kwa mapenzi. Na bado iliuma.

"Nimesikia alichosema, baba," alisema. "Nakushukuru, ila usinifiche tena. Mrudishe kwenye simu."

Kisha zikasikika pumzi za mtoto, karibu kabisa.

Bi Pindo akasema kwa Kiingereza chake, neno moja moja: "Mimi pia. Mimi sijui wewe. Mimi nataka kujua."

Mtoto akauliza jambo, haraka haraka, na Bi Pindo hakuambulia chochote. Mwana akadakia, "Mama, anauliza kama..."

"Wewe niachie," Bi Pindo alimwambia. Akainama juu ya simu mpaka midomo ikaigusa, akarudi kwenye Kiingereza. "Tena," alisema. "Polepole."

Mtoto akarudia, polepole.