Mifuko Miwili Ndani ya Buti

Leo nimekamatwa mpakani kwa sababu ya miguu yangu.

Mnajua nabeba mizigo ya wafanyabiashara kutoka Goma kuja Gisenyi. Buti zangu zimetoboka, na vidole vikilowa, vidonda vinanilaza bila kazi. Basi asubuhi, nikiwa Goma, nilivaa mfuko mweusi wa plastiki kila mguu.

Nikasahau kwamba huku Rwanda mifuko hiyo ni marufuku, kwa ajili ya kulinda mazingira.

Askari wa kike akakagua gunia la vitenge. Safi. Nikapiga hatua. Buti ikalia chakacha, chakacha.

"Muzee, iko nini mu buti?"

"Miguu, afande."

"Miguu ya wapi inalia hivyo? Vua."

Nikasimama kwa mguu mmoja, gunia mgongoni, foleni nzima ikinitazama. Mama mwenye vitenge, aliyenikodi, akageuka pembeni. "Mi simujui huyu."

Askari akachukua plastiki, akanipa mifuko miwili ya karatasi, ya kubebea mkate.

"Bon, vaa hii. Sheria inaikubali."

Nikavaa. Hatua kumi, mvua ikashuka.

Mazingira yako salama, jamani. Aliyelowa ni mimi.

Mwenye buti nzima, namba arobaini na tatu, aniandikie kabla ya kesho alfajiri.