Friza ya Mama Anisa

Pale Minjila, zinapoachana njia ya Hola na njia ya kwenda Garsen na Lamu, Fartun aliuza maziwa ya ngamia miaka ya kutosha hata makondakta wa mabasi wakawa wanamwita kwa jina la bintiye. Mama Anisa, leta mbili. Mama Anisa, barafu ipo? Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kimeshikana na nyumba ya vyumba viwili alimoishi na mumewe Farah na huyo Anisa, msichana wa sekondari. Mbele palikuwa na benchi ya wateja, na nyuma ya benchi ikakaa friza.

Friza hiyo ilitokana na msiba wa mifugo. Farah alikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la Garsen, mtu aliyeaminiwa na muuzaji na mnunuzi, mpaka ukame ulipowalaza ng'ombe mbugani na kumwacha dalali hana cha kudalalia. Mgongo nao ukaanza kumuuma. Walipobaki na ng'ombe wawili, mbavu nje, Fartun alimwambia mumewe wawauze kabla hawajafa. Kwa fedha ile akanunua friza kuukuu kwa mwenye hoteli mmoja aliyekuwa akifunga biashara arudi kwao. Farah hakupinga. Alisema tu, "Ng'ombe hulala na wewe ukalala. Hiyo itakula hata ukiwa usingizini."

Mwanzo ulikuwa mwema. Mohamud, mdogo wake Farah, alikuwa na ngamia katika malisho ya nyuma ya Minjila, na kila asubuhi alipakiza majerikeni ya maziwa kwenye bodaboda. Fartun aliyachuja, akayatia kwenye chupa, akayalaza kwenye friza. Basi la Lamu likisimama, abiria walishuka na vumbi kooni, na ukimpa mtu wa namna hiyo maziwa baridi haulizi bei mara mbili. Jioni, Nimo, mwanamke mwenye hoteli ya chai upande wa pili wa njia panda, alichukua yaliyobaki, yote, na kulipa hapo hapo.

Shida ilikuja taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye shamba la mpunga, huyaoni mpaka yamefika gotini. Stima ya pale ni ya kulipa kabla. Unatuma pesa kwa simu, unaletewa nambari ndefu, ndiyo tokeni, unaibonyeza kwenye mita ukutani, mita inakuhesabia yuniti zako. Ila pesa hukatwa kodi kwanza, zikakatwa na makato mengine, na kinachobaki ndicho hugeuka kuwa umeme. Tokeni iliyokuwa ikitosha wiki ikawa haifiki Ijumaa. Baadaye ikawa haifiki Jumatano. Raba ya mlango wa friza ilikuwa imechakaa, baridi ikivuja, na joto la Minjila halina huruma; mashine ilinguruma mchana kutwa bila kupumzika. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Fartun kilikuwa ukutani, kina taa nyekundu, na kililia kila kilipokaribia kumaliza.

Akaanza kukata. Taa ya chumba cha kulala ilizimwa kwanza, ikafuata ya jikoni. Redio ya Farah ikarudishwa kwenye betri. Pasi ikafungwa juu ya kabati, na Anisa akawa analaza sare yake chini ya godoro ili ikunjuke. Nyumba yenye stima ikaishi kwa tochi, na umeme wote ukaenda kwa chupa za maziwa.

Fundi Hudson, aliyekuwa amewaunganishia nyaya za ndani, alipita siku moja akaitazama friza, akaitazama mita. "Mama Anisa, naweza kuifanya hii stima isipite hapa," alisema, akigusa mita kwa kidole. "Wengi wanafanya. Hutalipa tena kama unavyolipa."

Fartun alifikiri. Hakujisifu baadaye kwamba hakufikiri. Alifikiri mpaka Hudson akamaliza glasi ya maziwa aliyopewa. Kisha akatazama barabara, akaona jinsi kibanda chake kilivyokaa wazi, cha kwanza kuonekana na kila gari linaloshuka, yakiwemo ya wakaguzi. "Mimi nakaa mbele ya watu wote, Fundi," alisema. "Wakija, hawatamwanza mwingine." Hudson akashukuru kwa maziwa, akaenda zake.

Kilichomvunja ni harusi. Alikwenda Garsen kwenye harusi ya binti wa dada yake, akalala huko, na tokeni ikaisha nyuma yake. Farah alisikia mita ikilia. Pesa kwenye simu yake hazikuwepo, na akaona haya kwenda kukopa kwa jirani kwa ajili ya kisanduku cha mita. Fartun aliporudi alifungua friza, akapigwa na harufu, akaifunga. Maziwa ya siku mbili yalimwagwa nyuma ya nyumba. Mohamud alipaswa kulipwa vilevile, maana ngamia wake walikuwa wametoa maziwa mazuri. Alipopigiwa simu alisema, "Shemeji, nitangoja. Lakini usiningojeshe sana, na mimi nina watu." Hakusema kwa ubaya.

Wiki hiyo ndipo Tamar alipokuja kuketi kwenye benchi. Walikuwa wanajuana kwa salamu. Tamar alikuwa Mpokomo wa kijiji cha Hewani, mjane mwenye shamba kando ya mto. Mara kadhaa kwa wiki alileta Minjila ndoo ya kambare, akiwafunika kwa majani ya mgomba. Kufikia adhuhuri samaki walikuwa wameanza kulegea, na wanunuzi waliojua hilo walikuja adhuhuri makusudi.

"Mama Anisa," alisema, "nasikia friza inakula."

"Inakula."

"Nina samaki, sina baridi. Wewe una baridi, huna tokeni. Nikitoa nusu ya tokeni, utanipa nusu ya friza?"

Kwao wafugaji samaki hakuwa chakula cha kuheshimiwa. Bibi yake angekimbia chungu kilichopikiwa kambare. Yeye mwenyewe hakuwa na chuki na samaki, alikuwa tu hajawahi kumla. Alijua wateja wake walikuwa watu wa namna gani. Lakini mita ilikuwa ikilia nyuma yake, na Tamar alikuwa ameisikia pia.

"Wafungwe ndani ya mifuko miwili," alisema mwishowe. "Kisha watiwe kwenye ndoo yenye kifuniko. Upande wa kushoto. Upande wa kulia ni wa maziwa."

"Kifuniko nitanunua leo," alisema Tamar.

Ilifanya kazi kuliko Fartun alivyotarajia. Tokeni ilikaa. Tamar alilipa bila kukumbushwa, na siku alizochelewa alituma ndizi. Akawa anakaa kibandani akingoja wanunuzi, naye ni mtu wa maneno mengi. Farah, ambaye hakuwa na mtu wa kuzungumza naye mchana, akaanza kutoka na kiti chake kuja kusikiliza habari za nyani wanaokula mahindi Hewani. Deni la Mohamud lilipungua. Taa ya jikoni ikawashwa tena.

Halafu Nimo akaja, si jioni kama kawaida bali asubuhi, kabla wateja hawajafika. Akakaa kando ya Fartun.

"Abaayo," alisema, kama wanavyoitana dada kwa dada, "maziwa yako yana mto ndani."

Fartun alijua mara moja anachosema. "Nimewafunga," alisema. "Mifuko miwili, na ndoo ina kifuniko."

"Najua umewafunga. Mimi ningekunywa. Lakini jana mzee mmoja alionja chai, akaiweka chini, akaniuliza nimepikia sufuria gani. Wenzake wakaweka vikombe vyao pia." Nimo alitazama mikono yake. "Siwezi kuchukua tena mpaka samaki watoke. Sitamwambia mtu kwa nini."

Hakumwambia mtu, na haikusaidia. Minjila ni ndogo, na friza ilikuwa barabarani. Fartun aliisugua kwa majivu, akaisugua kwa ndimu, akaiacha wazi juani ikiwa tupu. Samaki waliporudi, harufu ilirudi nao. Chupa zikaanza kubaki jioni. Abiria wa Lamu waliendelea kununua kwa kuwa hawakujua, lakini abiria peke yao hawakutosha kumlipa Mohamud.

Usiku hakulala vizuri, asubuhi akamwuliza mumewe afanyeje. Farah alikuwa akivaa viatu kwa shida ya mgongo wake.

"Mwambie mwanamke aondoe samaki," alisema.

"Akiondoa, nani atalipa tokeni?"

Farah alivaa kiatu cha pili. "Basi sijui," alisema. Ilikuwa kweli, na Fartun aliona afadhali hivyo kuliko angejifanya anajua.

Akapanda bodaboda kwenda Hewani. Hakuwa ameingia kijiji kile tangu zamani, kabla ya ile miaka ya ugomvi wa wakulima na wafugaji, watu walipoacha kutembeleana. Hakuna aliyemzuia wala kumtazama vibaya. Mtoto mmoja alimwelekeza shambani. Tamar alikuwa kwenye ukingo wa msitu, amejenga kidungu cha miti, amekaa juu na teo na rundo la mawe, akilinda mahindi. Alishuka alipomwona.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Hakuna. Nimo ameacha maziwa."

Tamar aliketi chini, na Fartun akaketi naye. Alikuwa amejiandaa njiani kusema mambo mawili, moja la kumfukuza Tamar na moja la kumsihi alipe zaidi, na sasa hakuona lipi lingetoka kinywani. Tamar ndiye aliyetangulia.

"Nitaondoa ndoo kesho. Usinione vibaya. Nilikuwa najua harufu itafika siku moja, nikasema acha tule kidogo kwanza."

"Ukiondoa, mimi nitafunga," alisema Fartun. "Sina uwezo wa kuilisha peke yangu. Nimejaribu." Kisha akasikia sauti yake ikisema jambo ambalo hakulipanga. "Inunue wewe."

"Nini?"

"Friza. Samaki wanailipa. Maziwa hayailipi, yamenionyesha. Utanipa kidogo kidogo. Itakaa pale pale kibandani, tokeni ni yako, na mimi utanilipa kodi ya mahali."

Tamar aliuliza, "Na maziwa?"

"Bibi yangu hakuwa na stima," alisema Fartun, "na aliuza maziwa."

Hilo halikuwa jepesi kama lilivyosikika. Maziwa yasiyo na baridi sharti yageuzwe yawe susa, yale maziwa machachu ya ngamia yanayokaa siku nyingi. Susa inataka vyombo vilivyofukizwa moshi wa mti unaofaa, na subira, na mkono unaojua. Fartun alikuwa ameyaona yakifanywa utotoni lakini hakuwa ameyafanya. Ya kwanza yalimshinda. Ya pili yalikuwa machungu hata Farah aliyatema. Ikabidi Mohamud amlete mama mkwe wake mzee kutoka malishoni, akakaa nao, akimkaripia Fartun kuhusu kuni na kuhusu kufungua kifuniko kila mara kutazama. Alipoondoka, susa ilikuwa inanyweka.

Friza ilihamishiwa pembe ya mbali ya kibanda, na kati yake na maziwa ukajengwa ukuta wa makuti. Nimo alirudi, ila si kwa yote. Chai haitaki maziwa machachu, kwa hiyo alichukua mabichi kidogo asubuhi, mara tu bodaboda ilipofika, na susa kwa wazee wanaoipenda. Wasafiri wa Lamu wengi walipotea. Waliotaka baridi walivuka barabara kununua soda. Mapato ya Fartun yalishuka, na hakumficha mtu. Ila alimaliza deni la Mohamud, na kila mwezi Tamar alileta sehemu ya bei ya friza, mara nyingi kamili.

Mita ikawa ya kugombaniwa kidogo. Tamar alidai taa za nyumba zinakula tokeni yake. Fartun akasema taa mbili hazifiki ukucha wa friza ile. Wakakubaliana Fartun aongeze kitu kidogo kila mwisho wa mwezi, na tangu hapo walilizungumza tu walipokuwa wamechoka.

Tamar alibadilisha raba ya mlango, jambo ambalo Fartun alikuwa ameliahirisha mwaka mzima. Hata hivyo friza iliendelea kula. Siku moja Tamar alisimama mbele ya mita, simu mkononi, akabonyeza nambari, akasoma yuniti alizopewa, akazisoma tena.

"Mama Anisa," aliita kupitia makuti, "hivi wewe ulikuwa unaishi vipi?"

"Nilikuwa siishi," alisema Fartun. Alikuwa akigeuza chombo juu ya moshi, macho yanamtoka machozi, na hakunyanyua kichwa. "Umeleta samaki wangapi leo?"

"Ndoo mbili. Mto umeshuka, wanashikika."

"Basi wauzie wenye hoteli kabla ya saa sita. Basi la Hola limeharibika Kinakomba, abiria wakifika watakuwa na njaa."