Siku Niliyoketi Juu ya Kinu

Nilipokuwa mtoto, mvua ya Kisangani ilikuwa ikinitii mimi. Cheka ukitaka. Wapo watu wazima, wenye meno na wasio na meno, waliokuwepo siku ile, na watakuambia vilevile: mawingu yalikuja, yakaniona, yakangoja.

Nianze na mwezi wa mambo hayo. Kitabu chetu cha kusoma shuleni, kile kilichoachwa na Wabelgiji, kilikuwa na picha ya mwezi wa kumi na moja. Ilionyesha mji wa mbali wa kaskazini, kando ya bahari ya kijivu. Miti imebaki mifupa, na mzee mwenye koti refu ameshikilia kofia yake isichukuliwe na upepo. Mwalimu alituambia huko kwao huo ni msimu wa huzuni. Nilimhurumia sana yule mzee. Shule niliiacha mapema, na katika yote niliyofundishwa nimebaki na yeye tu. Kwetu mwezi wa kumi na moja hauna huzuni, una makelele. Asubuhi ukungu unalala juu ya mto hata huioni mitego ya samaki ya Wagenya, wavuvi wetu, pale kwenye maporomoko, unasikia maji tu yakinguruma. Adhuhuri jua linakuchoma kisogo. Alasiri mbingu inakuwa nyeusi upande wa mto Tshopo, upepo unang'oa mabati, halafu mvua inashuka kama mtu amekumwagia beseni kwa makusudi.

Na mwezi huohuo ndio tantine Zaina, shangazi yangu, mdogo wake papa, alitakiwa kuolewa.

Ulikuwa mwaka wa uasi. Uhuru tulikuwa tumeupata miaka michache nyuma, tukaucheza wiki nzima, na sasa wapiganaji waliotoka msituni walikuwa wameushika mji, majani kichwani, mkuki huku, bunduki huku. Bwana arusi, fundi cherehani aitwaye Ramazani, alikaa Lubunga, ng'ambo ya mto. Kivuko kilikuwa hakitembei tena. Watu wake wangevuka kwa mitumbwi ya Wagenya tu, na Mgenya, hata umpende vipi, haingii mto uliochafuka kwa ajili ya pilau ya mtu mwingine. Mvua ilikuwa imeshaahirisha arusi mara mbili. Baba yake Ramazani akatuma neno: ikishindikana mara ya tatu, basi Mungu amekataa, na yeye atamtafutia mwanawe mke hukohuko Lubunga. Tantine Zaina alilia siku mbili mpaka macho yakawa ya chura.

"Mvua itafungwa," akasema Koko Salima, mama yake papa. "Tuna mufungaji hapa nyumbani."

Mfungaji ndiye mimi. Kwetu, mtoto aliyetanguliza miguu kuzaliwa ndiye anayeweza kufunga mvua. Ameingia duniani akiwa amesimama, kwa hiyo mbingu haimtishi. Mimi nilitoka miguu kwanza, yote miwili, na ndiyo maana avenyu nzima iliniita Miguu. Masharti yake haya: kisu kinafukiwa mpini uani, ncha inatazama juu. Kinu kinapinduliwa, na mfungaji anaketi juu yake tangu asubuhi mpaka nikaha isomwe. Hagusi maji, si ya kunywa, si ya kunawa. Na hacheki, kwa sababu meno meupe yanaita radi.

Shida ni kwamba Jumamosi ile ya arusi nilikuwa na safari yangu. Wapiganaji walikuwa wanapita mitaani na lori kuchukua vijana, na mimi na Baruti wa nyumba ya pili tulikuwa tumekubaliana kupanda. Baruti alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi kumi. Nilikuwa nimeshawatangazia watoto wote kwamba nitarudi na ngozi ya chui kichwani na wakubwa watanipisha njia. Mama aliposikia alinipiga na mwiko. Haikusaidia kitu. Papa akafoka. Haikusaidia. Koko hakupiga wala kufoka. Aliniita jikoni, akanipa kichwa cha samaki.

"Uende, mume wangu," akaniambia. "Nani atakataza mwanaume kama wewe? Lakini kwanza arusi ya tantine yako. Ama nimuite mutoto wa Mama Feza? Naye alitoka miguu."

"Yule?" nikasema. "Yule alitoka muguu moja tu!"

"Ndivyo nasikiaka," akasema Koko, akiwa anachambua samaki wake polepole. "Donc atafunga nusu ya mvua. Si kitu, tutaloa nusu."

Usiku ule sikulala kwa hasira. Mtoto wa Mama Feza! Alfajiri nilikuwa juu ya kinu kabla hata ya adhana.

Wanawake hawakufurahi. Arusi bila lituma si arusi, na ndizi za lituma zinapondwa kwenye kinu, na juu ya kinu niko mimi. "Sasa tuponde wapi?" Mama Feza, jirani yetu, akauliza, mkono kiunoni. "Kichwani mwako?" Mfungaji mvua hajibizani na watu wa chini.

Baruti ndiye aliyenitesa. Alikaa mbele yangu asubuhi nzima akitafuta kunichekesha. Alitembea kama mwalimu wetu mwenye pua ndefu. Alikoroma kama mjomba wetu, tonton Juma, akiwa amelala msikitini. Kisha akafanya ile sura yake kubwa, ya kuku aliyemeza ndizi ya moto: shingo ndefu, jicho moja limefumba, mdomo unafunguka na kufunga bila sauti. Niliuma midomo mpaka machozi yakatoka.

"Meno! Nimeona meno!" akapiga kelele.

"Hukuona kitu. Toka hapa."

"Miguu, lori likikuja utashuka?"

"Nitashuka," nikamwambia. "Mitumbwi ikivuka tu."

Lakini mitumbwi haikuwa imevuka. Adhuhuri ilipita. Kiu ilinikausha ulimi, matako yakafa ganzi. Upande wa Tshopo wingu likaanza kupanda, jeusi kama sufuria ya matanga, na tantine Zaina akachungulia dirishani, hina mkononi, akanitazama kama mtu anavyomtazama daktari. Upepo ukainuka. Nikakikazia kile kisu macho. Ndipo tukasikia lori.

Lilisimama mbele ya uzio wetu. Baruti alikuwa wa kwanza kupanda. Walimvuta mkono, akacheka. Mpiganaji mmoja, kijana mwenye majani mapya kichwani, akaingia uani na kuninyoshea mkuki.

"Wewe, kuya huku. Panda."

Mama aliachia sahani zikaanguka. Mimi nikateremsha mguu mmoja chini. Nilikuwa nimeahidi, na maneno yangu yalikuwa yamezunguka avenyu yote.

"Mutoe tu," akasema Koko. Alikuwa anamenya vitunguu na hakuinua kichwa. "Lakini ujue iko nafunga mvua. Akitoka hapo, lile wingu linaanguka. Litawakuta njiani. Dawa yenu, mimi sijue. Munajua wenyewe."

Yule kijana akakitazama kisu. Akalitazama wingu. Lazima nieleze: wapiganaji walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwaingie, na dawa ile ilikuwa na miiko mingi. Huku kwetu ilisemwa kwamba mvua ikimlowesha mtu kabla ya vita, dawa yote inatoka. Kwa hiyo hao watu wasioogopa bunduki, manyunyu kidogo tu, walikuwa wakikimbilia barazani kwetu kama kuku.

"Ni kweli anafunga?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Alitoka miguu kwanza. Uliza avenyu."

"Yote miwili!" Mama Feza akadakia kutoka jikoni. Tangu siku ile nimemsamehe mambo mengi.

Kijana akarudi nyuma hatua moja. Akanisogelea tena, akauchukua ule mguu wangu ulioteremka, akauweka juu ya kinu taratibu, kama mtu anavyorudisha yai kwenye kiota.

"Kaa hivyohivyo," akaniambia. "Usitingishike hata kidogo!"

Baruti hakuwa na kinga hiyo. Yeye alitoka kichwa kwanza, kama watu wengi. Lori lilipoondoka alikuwa amesimama nyuma, ameshika ubao, na alipoona namtazama akafanya sura ya kuku. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Nikabana meno, nikabana tumbo, nikatazama kisu. Sikucheka.

Mitumbwi ilivuka. Narudia kwa wale wabishi: ilivuka, wingu likiwa juu yake, na hakuna tone lililoanguka. Ramazani alifika na kanzu kavu, baba yake nyuma akinung'unika kwamba mto ulikuwa mtulivu mno. Nikaha ikasomwa. Vigelegele vilipolia, Koko alikuja na kikombe cha maji, akakaa chini karibu na kinu.

"Kunywa, mume wangu. Umefanya kazi."

Nilimeza mara moja, na tone la kwanza likanipiga shingoni. Ikashuka mvua, ile ya kung'oa migomba. Tukaingia wote ndani, wageni, mbuzi, sufuria, mpaka baba yake Ramazani akakalia keki. Mto ulichafuka siku tatu. Watu wa Lubunga walilala kwetu siku tatu, na kinu kilipogeuzwa, lituma ilipondwa mpaka majirani wakalalamika. Baruti alikuwa hayupo. Nilimwekea nyama kwenye jani.

Wiki chache baadaye zilikuja ndege, na askari wengine wakauteka mji, na lile lori halikuonekana tena. Baruti hakurudi. Mama yake aliendelea kumfunikia sahani kila jioni, mwaka mzima, na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia aache.

Nilipopata ndevu kidogo na kiburi kingi zaidi, nilimuuliza Koko kama kweli aliamini kwamba nilifunga mvua. Alikuwa anatafuna mbegu ya kola. Akatema, akanitazama.

"Arusi ilifanyika?"

"Ilifanyika."

"Na wewe uko hapa?"

"Niko."

"Bon. Unauliza nini tena?"

Mbele ya watu nitasema mpaka kufa kwamba mvua ile niliifunga mimi, na anayebisha alete kinu tushindane. Nikiwa peke yangu naona mwanamke mzee anayemenya vitunguu bila kuinua kichwa, na kitunguu chake, sasa nakumbuka, anakimenya mpaka hakibaki kitu.

Hata hivyo kuna kitu kimoja hakikunitoka. Kila mwezi wa kumi na moja, mbingu ikiwa nyeusi upande wa Tshopo, natoka uani, nanyosha shingo, nafumba jicho moja, nafungua mdomo bila sauti. Halafu nacheka kile kicheko nilichokibana, chote, meno yote nje. Mke wangu ananiita niingie, anasema radi itanipiga bure. Namwambia angoje kidogo, Baruti bado hajamaliza.