Breki za Tinga la Riat

Miaka ya themanini nilikuwa fundi katika yadi ya kontrakta mmoja Kisumu, aliyechimba mitaro ya mabomba ya maji. Tulikuwa na tinga moja kuukuu, lenye ndoo mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Dereva wake alitoka upande wa Kakamega, akapanga chumba mtaa wa Manyatta na mkewe. Pale yadini, rafiki yangu alikuwa yeye tu.

Ijumaa moja aliniita. "Bwana fundi, breki inazama. Nakanyaga mara tatu ndiyo inashika, na inavuta kulia."

Nilitazama mafuta ya breki. Hayakuwa yamepungua, kwa hivyo hayakuwa yakivuja. Nikatoa hewa kwenye paipu huku yeye akikanyaga. Pedeli ikabaki laini vilevile. Basi nikapiga jeki, nikatoa gurudumu la kushoto na kufungua ekseli. Mafuta yaliyomwagikia kwenye karai yalikuwa ya kijivu, yakimetameta vumbi la chuma. Sahani za breki zilikuwa zimelika zote, kimebaki chuma kitupu.

Nikampelekea mwajiri sahani moja. Hakuishika.

"Mpya zitafika lini kutoka Nairobi?"

"Wiki moja, Mzee."

"Funga hivyo hivyo. Jumatatu lazima tuwe kule mlimani Riat. Na usimtie dereva hofu."

Nilifunga. Nilikuwa na watoto watatu nyumbani, mtaa wa Obunga. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Jumatatu dereva akaniuliza, "Umemaliza?"

"Mlimani ushuke na gia ya kwanza," nikamwambia. Akacheka, akapanda. Alidhani nimesema ndiyo, nami nikamwacha adhani.

Alipokuwa akishuka mteremko wa Riat, gia ilichomoka. Alikanyaga, akakanyaga tena, kisha akateremsha ndoo ili ikwaruze barabara. Tinga lilipinda, likaangukia mtaroni. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Mwajiri alimwambia polisi aliyekuja yadini kwamba dereva alikuwa amelewa. Mtu wa kanisa yule, hata busaa hakuwahi kuonja. Polisi akanigeukia.

"Breki zilikuwa sawa?"

Mwajiri alikuwa amesimama karibu yangu.

"Zilikuwa sawa, afande."

Sahani mpya zilikuja kwa basi Alhamisi. Tinga lilikuwa limeshakokotwa hadi yadini; nilizifunga kabla ya chakula cha mchana, na pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu.

Dereva alipotoka hospitali nilikwenda kumwona kwake Manyatta. Mkewe alinivutia stuli, akanitilia chai. Yeye alikuwa kitandani, amegeukia ukuta.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ungeniambia tu, ndugu yangu. Ningeliacha tinga pale juu, nishuke kwa miguu."

Mkewe alikichukua kikombe kilichokuwa mbele yangu, sijakigusa bado, akaenda kuimwaga chai nje. Kisha akasimama mlangoni, akiushikilia wazi, mpaka nikainuka.