Funga, Funga na Funga

Ofisini walimwita Bi Herufi, na jina hilo hakulichukia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa ripoti katika maabara ya hospitali. Daktari wa darubini akishatazama kipande cha nyama ya mgonjwa, husema kwenye kinasa sauti kile alichokiona, na Bi Herufi husikiliza na kuandika. Daktari akikohoa katikati ya sentensi, Bi Herufi humpigia simu kumuuliza kikohozi kimemeza neno gani. Alijua kwamba kati ya "imeonekana" na "haijaonekana" kuna mtu amekaa kwenye benchi anasubiri kuambiwa kama ataishi.

Asubuhi ya Jumatano hiyo mwanamke huyu mtaratibu alikuwa ameketi kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwake, mikono imeganda juu ya kibodi, anaikodolea macho skrini nyeusi. Midomo yake ilikuwa inatamka maneno ambayo asingekubali kumwandikia mtu yeyote.

Alikuwa amezima kompyuta ya ofisini. Kwa mara ya tatu.

Ilivyofika hapo ni hivi. Miezi mitatu nyuma, mama yake alipasukiwa na mshipa kichwani. Alitoka hospitali upande wake wa kulia umelala, na maneno yake karibu yote yamebaki hukohuko. Kaka yake Bi Herufi, anayeishi mwendo wa siku nzima kwa gari, alikuja akakaa siku mbili, akasema, "Dada, kama kazi na mgonjwa vinakushinda kuchanganya, nitamchukua mama." Mama aliyasikia. Alishika ukingo wa kitanda kwa mkono wake mmoja mzima, na hakuuachia mpaka mwanawe wa kiume alipotoka mlangoni.

Bi Herufi aliandika barua kuomba afanyie kazi nyumbani. Mkuu wa utawala, mtu wa tai na masharti, alimpa majaribio ya miezi mitatu. "Lakini kazi isisimame," alisema. "Ikisimama mara tatu kwa sababu yako, unarudi mezani kwako." Kurudi mezani maana yake mama aende kwa kaka. Hakukuwa na njia ya tatu.

Ripoti za wagonjwa haziruhusiwi kutoka kwenye kompyuta za hospitali, kwa hiyo kompyuta ya Bi Herufi ilibaki inawaka ndani ya chumba namba sita, kiti kitupu mbele yake. Yeye nyumbani alipewa laptopu ya kuingilia ile kwa mbali. Yaani alikuwa anafanya kazi kwa kuchungulia dirishani, na dirisha lenyewe lilitengenezwa na mtu asiyewapenda binadamu.

Kila kitu kilikuwa viwili. Saa mbili, moja iko nyuma kwa dakika saba. Mapipa mawili ya taka. Misalaba miwili ya kufungia pembeni juu, mmoja wa laptopu na mmoja wa ofisini, imekaa kama mapacha waliovalishwa sare, na ukikosea pacha umejitoa ofisini sentensi ikiwa nusu. Kibodi ya nyumbani na kompyuta ya ofisini hazikuwa zikisemezana: ukibonyeza alama ya kuuliza, upande wa pili inatokea mkwaju, kile kistari cha mshazari. Kishale hakikuufuata mkono. Mkono ulitangulia, kishale kikaja baadaye kwa hatua za mtu aliyeamshwa usingizini, na ukichoka kusubiri ukabonyeza, kinabonyeza pale kilipofika, si pale ulipotaka. Na juu kabisa kulikuwa na utepe wa buluu uliojificha. Ukisogea karibu unashuka ghafla na kufunika kile ulichokuwa unakwenda kukishika.

Yote hayo angeyavumilia. Alichoshindwa kukivumilia ni neno moja.

Utawala ulikuwa umeagiza programu zote ziwe kwa Kiswahili, ili asiwepo mfanyakazi wa kusingizia kwamba hakuelewa. Kazi hiyo ilipewa fundi wa kompyuta, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ambaye hospitali nzima ilimwita Subiri Kidogo kwa sababu ndilo jibu lake kwenye simu, hata ukimpigia kumsalimia. Subiri Kidogo aliimaliza kazi hiyo mchana mmoja. Ndipo kwenye utepe wa buluu pakawa na vitufe vitatu vilivyofuatana. Cha kwanza kilifunga ripoti uliyokuwa unaiandika. Cha pili kiliifunga kompyuta kwa neno la siri, lakini kikaiacha inawaka. Cha tatu kiliizima kabisa, ikalala hadi mtu aende kwa miguu yake chumba namba sita akaiwashe. Cha kwanza kiliandikwa Funga. Cha pili kiliandikwa Funga. Cha tatu nacho, ili kisijione yatima, kiliandikwa Funga.

Pembeni ya kila Funga palikuwa na picha ndogo. Kwa mtandao wa pale nyumbani, picha hizo zilifika zimevurugika kama makombo ya mkate. Ukishachagua Funga yako, kinatokea kisanduku: "Una uhakika unataka kughairi kuendelea? Ndiyo. Ghairi." Bi Herufi aliwahi kukaa mbele ya kisanduku hicho dakika nzima, kalamu mkononi, akikichambua kama sentensi ya mtihani. Hakupata jibu. Halipo.

Na kufunga kulimlazimu. Siri za wagonjwa zina sheria: ukiinuka kitini, unafunga kwa neno la siri. Yeye aliinuka mara ishirini kwa siku, maana chumba cha pili alikuwapo mama, na mama alimwita kwa neno lililombakia. Katika maneno yote aliyokuwa nayo, ugonjwa ulimwachia "funga" peke yake.

Funga dirisha, upepo unanipiga. Nifunge kitambaa kichwani. Funga redio. Nifunge kifungo hiki. Yote alisema "funga" tu, na wiki ya kwanza Bi Herufi alikimbilia dirisha mama akitaka kitambaa. Wiki ya pili hakukosea tena. Aliitazama shingo ya mama, macho yanakoelekea, alisikia kama neno limevutwa au limekatwa. Baada ya mwezi aliweza kujibu bila kuinua kichwa.

Basi Jumatano hiyo mama aliita, "Funga," neno limevutwa mwishoni. Pazia, jua linamchoma macho. Bi Herufi alikuwa kwenye ripoti ya ishirini na tisa kati ya arobaini na moja. Alisogeza kipanya kwenda Funga ya pili, utepe ukashuka, kishale kikachelewa. Akabonyeza. Kisanduku kikatokea, mama akaita tena, akabonyeza Ndiyo. Skrini ikawa nyeusi, na katikati ikabaki sentensi moja nyeupe: "Mawasiliano yamefungwa."

Alikwenda akavuta pazia. Alirudi akapiga simu.

"Subiri kidogo, Bi Herufi."

"Sisubiri. Imezimika. Nenda kaiwashe."

"Umeizima tena?"

"Nimebonyeza Funga."

"Ipi?"

"Rudia swali lako, ulisikie mwenyewe."

"Namba sita imefungwa, na ufunguo anao mkuu," alisema fundi. "Na mkuu yuko hapa karibu yangu." Sauti ya pili ikaingia kwenye simu, kavu. "Bi Herufi, hii ni ya tatu. Daktari ana ripoti kumi na tatu hazijaandikwa. Tulikubaliana. Jumatatu uwe mezani kwako."

"Mkuu, naomba—"

"Tulikubaliana." Simu ikakatwa.

Hakulia. Watu waliomjua walidhani yeye ni mtu wa kulia, kwa vile alikuwa mpole na alipenda kukaa dirishani peke yake. Lakini hasira ilikuwa imempanda toka miguuni kama maji ya moto. Alichomoa laptopu, akaitia mkobani, akagonga mlango wa jirani yake mshonaji.

"Nikalie na mama, saa moja tu."

Mshonaji alikuja na nguo ya kutia pindo na habari zake zote za mtaani. Alikuwa hajamaliza habari ya kwanza mama akasema, "Funga."

"Nifunge mlango, mama?" aliuliza mshonaji.

"Anamaanisha mdomo, mwenzangu," alisema Bi Herufi, akiwa tayari kizingitini. "Usikasirike. Hata mimi huniambia."

Alitembea hadi hospitali kwa dakika ishirini na tano, na kila hatua alikuwa anaipanga sentensi yake, anaifuta, anaipanga upya. Alipofika ofisi ya mkuu hakukumbuka hata moja. Mkuu alikuwa mezani, na Subiri Kidogo amesimama dirishani na laptopu yake mwenyewe mkononi, anamalizia jambo. Kompyuta ya chumba namba sita ilikuwa imeshawashwa.

"Ungepiga simu tu, mama," alisema fundi.

"Nilipiga. Ulisema nisubiri." Bi Herufi alifungua laptopu yake juu ya makaratasi ya mkuu bila kuomba ruhusa, akaingia kompyuta ya namba sita, akaugeuza uso wa mashine kwa fundi. "Sitaki maelezo. Nifungie kwa neno la siri, iendelee kuwaka. Mkuu ashuhudie."

"Hicho ni kitu rahisi." Subiri Kidogo aliinama, vidole vikaenda kwenye kibodi.

"Si kwa kibodi. Kwa vitufe vyako, ulivyoniandikia mimi."

Fundi akashika kipanya. Utepe wa buluu ukashuka. Kishale kikasimama juu ya Funga, kikaenda Funga, kikarudi Funga. Mtandao wa hospitali nao siku hiyo ulikuwa unachechemea, na zile picha zikaja makombo vilevile. Mkuu alivaa miwani.

"Subiri kidogo," alisema fundi kwa sauti ndogo.

"Na hiyo yako uliyoshika," aliuliza Bi Herufi, "imeandikwaje?"

Fundi aliitazama laptopu yake kama aliyekutwa na kitu cha wizi. "Yangu iko kwa Kiingereza. Nimeizoea hivyo."

"Kwa Kiingereza ni maneno mangapi?"

"Matatu."

"Tofauti?"

"Tofauti."

Bi Herufi aliwageukia wote wawili. "Mama yangu ana neno moja la kusemea kila kitu, kwa sababu mshipa ulipasuka kichwani mwake. Nikimtazama usoni namwelewa. Ninyi mmepasuka nini? Lugha yenye zima, toka, komea, fumba, ziba, funika, hitimisha, mmeichotea tone moja mkalimwaga mara tatu. Halafu mimi, niliyekaa na herufi miaka ishirini na miwili, ndiye ninayeambiwa sijui kusoma. Mama yangu apakiwe kwenye gari siku nzima kwa ajili ya kitufe."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alinyoosha kidole kwenye skrini bila kuigusa. "Ya kuzima ni ipi kati ya hizi?"

"Ya mwisho," alisema fundi. Akasita. "Nafikiri."

"Unafikiri." Mkuu alisukuma karatasi tupu kuelekea kwa Bi Herufi. "Andika yanayotakiwa kuandikwa. Ya leo sitaihesabu."

"Na zile mbili?"

"Usizidishe, Bi Herufi."

"Zilikuwa kitufe hichohicho."

Mkuu alitazama mlango, akatazama ukuta. "Na zile mbili," alisema hatimaye. Hakuna aliyesema pole, na yeye hakuisubiri. Aliandika akiwa amesimama, kwa mwandiko wake uliosimama wima: *Maliza ripoti. Komea kwa neno la siri. Zima kompyuta ya ofisini.* Chini yake akaongeza, kwa ajili ya fundi, kwamba kwa kuwa vitufe ni vyembamba na maneno yatakatwa, neno la kwanza ndilo libebe mzigo wote.

Kesho yake asubuhi, jua likiwa bado halijafika kwenye pazia la mama, aliingia kompyuta ya ofisini akiwa kwenye meza yake ya kulia chakula. Utepe wa buluu ulishuka kama kawaida yake, bila adabu. Vitufe vilikuwa vimekatwa kama alivyojua: *Maliza rip. Komea kwa n. Zima komp.* Alibonyeza cha kati. Kikatokea kisanduku: "Una uhakika unataka kughairi kuendelea? Ndiyo. Ghairi."

Alikitazama. Hasira ya jana ikamrudia yote. Akachukua simu.

"Subiri kidogo, Bi Herufi."

"Nimesubiri miezi miwili. Kuna kisanduku. Kinaniuliza kama nataka kughairi, na nikikataa kughairi kinaniambia nighairi. Kaa chini, chukua karatasi, nikwambie nini cha kuandika. Swali moja, na majibu mawili yasiyofanana. Unaandika?"

Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi. Mshonaji, aliyekuja kuchukua mkasi wake aliousahau, alikuwa amesimama kando ya kitanda. Mama aliinua kichwa kutoka kwenye mto, akamtazama bintiye aliyekuwa anasema na simu kwa sauti ya kufika barabarani.

"Funga," alisema mama, neno limekatwa kavu.

"Hiyo hata mimi nimeielewa," alisema mshonaji.

"Bado, mama," alisema Bi Herufi, na akaendelea na fundi.